Andika Ulichokijaribu

(Mada iliyotolewa na ofisi ya jarida hili katika semina ya makatibu wa kamati za maendeleo za parokia, mjini Mbinga. Tunaichapa hapa kwa ombi la washiriki.)

Waheshimiwa mapadre na watawa, wenyeviti na makatibu wa kamati, pamoja na ndugu zetu wafadhili mtakaoisoma mada hii baadaye katika jarida,

Wengine mmepanda kutoka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay mkaacha nyavu zikikauka. Wengine mmeshuka kutoka Litembo, Maguu na Mkumbi mkaacha mibuni inayosubiri mikono. Kwa hiyo tutajitahidi tusiwachoshe.

Tumeombwa tuzungumzie jambo moja: namna ya kuanza kuandika ukurasa wa kujiendeleza, na namna ya kuendelea kuwa mwandishi bora. Tunaposema ukurasa wa kujiendeleza hatuna maana ya taarifa ya mradi, wala mahubiri, wala tangazo la mkutano. Tuna maana ya karatasi moja inayobandikwa kwenye ubao wa parokia au kigango mara moja kwa mwezi. Humo mtu wa kawaida anawaeleza wenzake jinsi anavyojifunza kutunza fedha, kupanga muda, kuacha pombe, kulea watoto, kutunza afya au kujisomea. Baadhi yenu mlikwisha kuanza. Wengi mliishia mwezi wa tatu. Hata sisi ofisini tulianza, tukaacha, tukaanza tena. Kwa hiyo tunazungumza nanyi kama wanafunzi wenzenu.

Kwa nini jambo hili si dogo

Tuanze na habari ya kuku, ingawa inatuaibisha.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama katika parokia moja ya milimani ambacho kilifuga kuku wa kienyeji kwa mkopo mdogo. Mabanda yalijengwa vizuri na kuku wakaongezeka. Ukaja mdondo, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri, na katika muda usiofika wiki mbili mabanda yakabaki matupu. Wale akina mama hawakuwa wamechanja. Mtu alikuwa amewaambia kwamba kuku wa kienyeji ni wagumu, hawahitaji dawa.

Waliona haya, wakanyamaza. Nasi tulipoandika taarifa ya robo mwaka, tuliandika kwamba mradi "unaendelea pamoja na changamoto kadhaa". Maneno hayo ni yetu, hatuwezi kumsingizia mtu mwingine. Mwaka uliofuata parokia ya jirani ikaanza mradi uleule, ikajenga mabanda yaleyale, ikasikia ushauri uleule kwamba kuku wa kienyeji ni wagumu. Wao nao wakazika kuku wao.

Ndugu zetu, kuku wa parokia ya kwanza waliuawa na mdondo. Kuku wa parokia ya pili waliuawa na mdondo pamoja na ukimya wetu. Kama mama mmoja angeandika karatasi moja tu, "Mimi sikuchanja, na haya ndiyo yaliyonipata; chanjo ni tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu", karatasi hiyo ingevuka bonde na kuokoa mali ya jirani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwamba hata somo bila daftari hupotea bila habari, na jirani hulilipia upya kwa bei ileile.

Hilo ndilo lililo hatarini. Hatuwaombi muandike ili parokia ionekane ina wasomi. Tunawaomba muandike ili maarifa ambayo mtu ameyapata kwa hasara yasife pamoja naye.

Kosa letu la kwanza

Tulipoanza ukurasa wetu, mada ya kwanza ilikuwa akiba. Tuliketi ofisini, tukaandika kwa Kiswahili kizuri kwamba kila mtu mwenye busara aweke kando sehemu ya kumi ya kipato chake kila mwezi. Tuliridhika nayo sana. Tukaipeleka ubaoni katika kigango kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, na baada ya ibada tukaisoma kwa sauti.

Mama mmoja mjane, mchuuzi wa usipa, alinyoosha mkono. Akauliza, "Wanangu, kila mwezi, lakini mwezi upi? Mwezi wa kalenda au mwezi wa juu?"

Watu walicheka, nasi tukacheka, kisha tukaelewa kwamba hakuwa anatania. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwanga wa taa huwavuta wale samaki wadogo, wakakusanyika, wakazingirwa kwa wavu. Mbalamwezi inapong'aa taa haina nguvu, na samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo fedha ya mwambao huja na giza na kuondoka na mbalamwezi. Kumwambia mama yule aweke akiba tarehe 30 kama mwenye mshahara ni sawa na kumwambia avue usipa adhuhuri.

Tulimwomba atueleze yeye anafanyaje. Akasema ana makopo matatu. Siku za giza hununua usipa ufukweni, huwaanika, na kuwauzia wachuuzi wanaopanda milimani. Fedha ikija, kopo la kwanza ni mtaji wa giza lijalo. Kopo la pili ni unga wa siku za mbalamwezi. Kopo la tatu ni ada na daftari za watoto. Kinachobaki nje ya makopo ndicho cha kutumia.

Tukamwomba aandike. Akasema mkono wake ni mzito, hivyo binti yake akaandika naye akasimulia. Ukurasa ulikuwa na kichwa "Makopo yangu matatu". Sehemu iliyosomwa zaidi haikuwa ile ya makopo. Ilikuwa pale aliposema kwamba giza moja alifungua kopo la pili akamkopesha shemeji yake, fedha haikurudi, na watoto wakashinda siku kadhaa kwa muhogo wa kuchemsha usio na kitoweo. Tangu hapo kopo la pili hukaa kwa jirani yake, na la jirani hukaa kwake. Hakuna anayeweza kulifungua akiwa peke yake.

Ukurasa huo ulinakiliwa kwa mkono, ukapigwa picha kwa simu, ukafika milimani. Huko mkulima mmoja wa kahawa aliuona. Yeye hapati fedha kwa giza wala kwa kalenda, hupata baada ya mavuno, mara moja kwa mwaka. Akatengeneza bahasha 12, akaziandika majina ya miezi. Baadaye naye akaandika ukurasa wake, akikiri kwamba kabla ya Krismasi alikuwa ameshafungua bahasha ya Machi, na akaeleza sababu. Wakulima wenzake walisoma sababu hiyo kwa makini, maana kila mmoja anayo ya kwake.

Hapo tulipata fundisho letu kubwa, na ndilo tunalotaka mtoke nalo leo: andika ulichokijaribu wewe mwenyewe. Shauri ambalo hujalijaribu ni mzigo unaomtwika mwenzako. Jambo ulilolijaribu, hata likikushinda, ni msaada.

Namna ya kuanza

Wengi husema, "Sisi hatukusoma sana, tutaandika nini?" Tuwakumbushe habari za Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Hakusoma chuo kikuu. Aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926 na kuifanya kazi hiyo miaka mingi. Mwaka 1931, akiwa kijana wa miaka 22, tayari alikuwa akimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge, na barua tulizo nazo zinaendelea hadi 1958. Humo mna mambo ya familia, ya kazi na ya uandishi wake. Zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zikachapishwa kama kitabu. Pia alitunga tenzi za kuwausia watoto wake, ule wa Hati kwa binti yake na ule wa Adili kwa mwanawe.

Tunajifunza nini kwake? Mtu ambaye leo tunamhesabu miongoni mwa waandishi wakuu wa Kiswahili aliandika kwa miaka 27 kwa msomaji mmoja anayemfahamu kwa jina. Hakuanza kwa kuuhutubia ulimwengu.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa anayeanza ni hili: chagua msomaji mmoja. Usiwaandikie "wanajamii wote". Mwandikie mdogo wako aliyekwenda kufanya kazi Songea, au jirani yako anayetaka kuacha pombe, au binti aliyemaliza darasa la saba na yuko nyumbani. Ukimwona usoni unapoandika, maneno ya kujionyesha yatakimbia yenyewe.

Shauri la pili: chagua jambo moja. Ukurasa unaozungumzia akiba, usafi, malezi na kilimo kwa pamoja haukumbukwi hata kimoja. Mama yule alizungumzia makopo tu.

Shauri la tatu: anza na daftari kabla ya ubao. Hapa tuwaulize ndugu zetu wa milimani, nani anajenga ngoro kwa siku moja akavuna kesho? Kwa faida ya wafadhili wetu, tueleze kwamba ngoro ni kilimo cha Wamatengo katika miteremko mikali ya Mbinga. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani. Hubaki shimo katikati na tuta pande zote. Maharagwe hupandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Majani huoza chini na kuwa mbolea, nalo shimo huzuia maji yasisombe udongo kwenda bondeni.

Daftari ni yale majani yaliyolazwa chini. Kila jioni andika mistari mitatu: leo nimejaribu nini, kimenipata nini, kesho nitabadili nini. Hakuna atakayeisoma. Mwisho wa mwezi utakuta kitu kimeoza vizuri, nacho ndicho utakachokifukia na kupandia ukurasa wako. Anayetaka kuandika ukurasa bila daftari hulima mteremko bila ngoro. Mvua ya kwanza inaondoka na kila kitu. Ndiyo maana wengi wetu tuliishiwa mwezi wa tatu: tulikuwa tumemaliza tuliyoyakumbuka, na hatukuwa tumeweka kitu chini ya tuta.

Namna ya kuendelea kuwa bora

Kuanza ni rahisi kuliko kudumu. Yafuatayo tumejifunza kwa kukosea.

Kwanza, toa ukurasa siku ileile kila mwezi. Jumapili ya kwanza, kwa mfano. Msomaji akizoea kusimama ubaoni siku hiyo akakuta karatasi ya zamani mara mbili, mara ya tatu hasimami. Ni heri nusu ukurasa kwa wakati kuliko kurasa mbili zilizochelewa.

Pili, soma kwa sauti kabla ya kubandika. Msomee mtu asiyekuonea haya, kama mtoto wa darasa la sita au bibi yako. Akikuuliza "maana yake nini?", usimweleze yeye, sahihisha karatasi. Maneno kama "uwezeshaji" na "mtazamo chanya" tunayapenda sisi wa ofisini. Bibi anataka kujua ulifanya nini Jumanne.

Tatu, punguza "inatupasa" na ongeza hesabu. Ukurasa wa kwanza wa yule mkulima wa bahasha ulikuwa na "inatupasa" na "ni vema" karibu kila mstari. Tulimrudishia kwa heshima tukamwomba atuambie tu: ulipata kiasi gani, ulitumia wapi, kilibaki kiasi gani? Ukurasa wa pili haukumhubiria mtu hata mara moja, na ndio watu waliounakili.

Nne, kusanya maswali. Chini ya kila ukurasa acha nafasi tupu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Wasioandika, waulize mdomoni mkitoka kanisani. Swali moja la kweli, kama lile la "mwezi upi?", lina thamani kuliko sifa kumi. Swali hilo ndilo mada ya mwezi ujao.

Tano, rudi kwenye kosa lako. Kama ulishauri jambo Januari na Juni ukaona halifai, liseme kwa herufi kubwa kama ulizotumia mwanzo. Kuteleza si kuanguka. Msomaji anayeona mwandishi akijisahihisha hujifunza kitu kikubwa kuliko mada yenyewe: hujifunza kwamba mtu mzima anaweza kubadilika hadharani na asife kwa aibu.

Sita, wakumbuke wasiosoma. Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu. Jamaa wa ukoo walikula pamoja, na baada ya chakula wakazungumza mambo ya ukoo na kuwafunda vijana. Ukurasa wetu usichukue nafasi ya mazungumzo kama hayo, uyalishe. Usomwe katika jumuiya ndogondogo, watu waujadili kwa Kimatengo, Kinyasa, Kimanda au Kingoni, na mwandishi akae kimya akisikiliza.

Walioandika kabla yetu

Isije ikaonekana jambo hili ni la kigeni kwenye ziwa letu. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, wanafunzi wa Misheni ya Vyuo Vikuu walianza kuchapa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Vijana waliokwisha kusoma pale na kupelekwa kufundisha katika vituo vya bara waliandika habari za maisha yao na kazi zao, na wenzao wakazisoma. Hawakuwa waandishi wa magazeti. Walikuwa walimu vijana walioandika yale waliyoyaona.

Na hapa Liuli ndipo alipofariki Askofu Msaidizi? La, hakuwa askofu. Alikuwa Arkidiakoni William Percival Johnson, ambaye vijiji vingi vya mwambao vinamkumbuka. Alifika Afrika mwaka 1876 na akafia Liuli mwaka 1928. Macho yake yaliharibika sana angali kijana, na bado alitafsiri Biblia kwa Kinyanja na kuandika vitabu juu ya ziwa hili na watu wake, kikiwemo kimoja kilichotoka mwaka 1922. Hatumtaji ili mumwige mzungu wa zamani. Tunamtaja kwa sababu aliandika akiwa njiani, kwa miguu na kwa boti, kutoka kijiji hadi kijiji, na kwa sababu aliyekuwa haoni vizuri hakusema "nitaandika nikipona". Nasi tuna visingizio vyetu: hakuna umeme, hakuna muda, hakuna karatasi nzuri. Kalamu haijui visingizio hivyo.

Mambo ya kujihadhari

Ndugu zetu, ukurasa huu ukitumiwa vibaya unaweza kuumiza. Tunawaachia maonyo matatu.

La kwanza ni siri za watu. Kujiendeleza kwako kunaweza kuwa kunahusu mumeo, mkeo, mwanao au jirani yako. Andika kosa lako, usiandike la mwenzako. Mtu akikupa ushuhuda wa ugonjwa wake au wa ndoa yake, usiubandike mpaka ausikilize ukisomwa na akubali, na mwulize tena baada ya siku tatu. Aliyesema ndiyo akiwa na machozi huenda akasema hapana akiwa ametulia. Mama wa usipa alitutaka tusimtaje shemeji yake ni yupi, maana anao wanne. Tulitii.

La pili ni majivuno. Miezi sita ikipita na watu wakianza kukuita mwalimu, utashawishika kuandika mambo usiyoyajaribu kwa sababu wanayasubiri. Siku hiyo fungua daftari lako. Kama mistari mitatu ya kila jioni imekoma, ujue umeanza kuishi kwa mtaji wa zamani.

La tatu ni kuandika ili kumpendeza mfadhili. Hili tunalisema mbele ya wafadhili wenyewe kwa kuwa wao ni ndugu zetu. Wapendwa wafadhili, mara nyingi mnatuomba "habari za mafanikio". Tunaelewa, nanyi mna watu wa kuwajibu. Lakini mkiomba mafanikio peke yake mtaletewa mafanikio peke yake, na kuku wa parokia ya tatu nao watakufa. Tunawaomba katika kila robo mwaka mtuulize pia: nini kimewashinda, na mmejifunza nini? Nasi tunaahidi kwamba maneno "changamoto kadhaa" hayatatokea tena katika taarifa zetu bila kufuatwa na maelezo ya changamoto zenyewe, moja baada ya nyingine.

Tutakachofanya

Hatutaki mtoke hapa na azimio refu. Tunaomba mambo manne tu.

Kila kamati imchague mtu mmoja wa kuanza, na si lazima awe katibu. Atafutwe mtu aliyejaribu jambo, hata kama mkono wake ni mzito. Mwenye mkono mwepesi atamwandikia, kama yule binti alivyomwandikia mama yake.

Mtu huyo anunue daftari leo kabla ya kupanda gari, na aandike mistari mitatu usiku huu. Kabla ya ukurasa wa kwanza apewe mwezi mzima wa daftari, asiharakishwe.

Ukurasa wa kwanza ubandikwe Jumapili ya kwanza baada ya mwezi huo, na nakala moja itumwe ofisini kwetu, kwa mkono wa msafiri au kwa picha ya simu. Katika kila toleo tutachapa ukurasa mmoja wa mwambao na mmoja wa milimani, ili giza la ziwani na mavuno ya milimani yafundishane.

La mwisho, ukurasa wa kwanza usiwe na shauri. Uwe na kisa kimoja cha jambo ulilojaribu likakushinda, na ulilofanya baada ya hapo. Tunajua ni vigumu. Nasi tumeanza leo kwa kuwasimulia habari ya kuku, na mnatuona bado tumesimama.

Kabla hatujaketi, tuwape habari za wale akina mama. Baada ya kusoma "Makopo yangu matatu", mwenyekiti wao alikuja ofisini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake alikuwa ameandika, "Kwa nini mabanda yetu ni matupu". Alituuliza kama inafaa kubandikwa. Tulimwambia kwamba imechelewa kwa mwaka mmoja, na kosa la kuchelewa ni letu. Aliibandika mwenyewe. Jumapili ile, kabla ya saa sita mchana, watu wa vigango viwili walikuwa wamekwisha kuuliza chanjo inapatikana wapi.

Sasa tunasubiri maswali yenu, hasa yale ya aina ya "mwezi upi?"